Wimbo wa Nabintu na Sura ya Mwingine

Aliyemsikia Nabintu bila kumwona aligeuka kumtafuta mwanaume. Akipiga simu, upande wa pili waliitikia, "Ndiyo, papa." Sauti yake ilikuwa nzito, ya chini, yenye mkwaruzo kidogo, kama inayotoka ndani ya mtungi. Hakuwa na ugonjwa wa koo. Ilimshukia alipovunja ungo, kwao Walungu, Kivu ya Kusini, na haikuondoka tena. Mama yake alimtafutia asali, akamtafutia majani ya kuchemsha, mwisho akampa dawa moja tu: useme kidogo.

Basi Nabintu akakua akisema kidogo. Na pale ambapo hakuna budi kusema, alijifunza kuibana sauti, kuipandisha mpaka iwe nyembamba. Alipokimbia vita na kuingia Uganda, sauti hiyo ya kubana ndiyo aliyokuja nayo mbele za watu. Sokoni Base Camp, katikati ya kambi ya Nakivale, aliuza ndagala, wale samaki wadogo wakavu, na wateja wake walimjua kwa sauti ile ya juu isiyo yake. Jioni shingo ilimuuma kama mtu aliyebeba kuni kutwa.

Mtu mmoja tu alimpenda kwa ile nyingine. Constantin alikuwa amelala ndani ya hema kubwa la mapokezi pale Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi wapya, mgeni wa juzi, hana hata sufuria, akasikia mtu anaimba bombani. Akafikiri ni mwanaume wa kwao, akatoka kwenda kumsalimia, akamkuta msichana anafua. Hadithi hiyo Constantin aliisimulia siku ya arusi yao, na watu wote wakacheka kwa wema, Nabintu naye akacheka.

Walipewa kiwanja nyuma ya Base Camp, wakajenga kwa udongo na turubai, baadaye mabati. Constantin alikuwa mshonaji. Aliweka cherehani yake barazani, akawa anashona sare za shule na kubana suruali za vijana. Wakazaa Viviane, na baada ya miaka Gad. Wote wawili walipokelewa na mama mmoja jirani, Mukandoli, mkunga wa zamani, maana uchungu wa Nabintu ulikuwa wa haraka na njia ya kwenda kliniki huwa matope.

Kanisani kwao mchungaji alikuwa Natanaeli, mtu mpole, asiyepaza sauti hata akikemea. Mwanzoni walimpanga Nabintu na waimbaji wa besi, nyuma, kati ya wanaume, na kwaya ikasimama imara kama nyumba iliyopata nguzo. Lakini siku moja walikuja wageni kutoka kanisa kubwa la mjini, wakanong'onezana. Baada ya ibada Natanaeli alimwita pembeni.

"Mama Viviane, sauti yako haina zambi," alimwambia. "Lakini bageni banachanganyikiwa. Enda kwanza kwa bamama ba soprano."

Akaenda. Soprano, safu ya sauti za juu kabisa, hakuweza kuifikia, na kuimba besi katikati ya akina mama kungeonekana dharau, kwa hiyo akawa anachezesha midomo tu. Miaka ikapita, Nabintu akichezesha midomo kila Jumapili, sare imepigwa pasi, na hakuna aliyegundua kuwa hatoi sauti. Au waligundua wakanyamaza.

Nyumbani ndiko alikoimba. Constantin alikuwa na spika ndogo juu ya cherehani, na kutwa nzima ilitoa muziki wa vijana: wa Kongo, wa Dar es Salaam, wa Kampala, nyimbo za mapenzi zenye ngoma ya kutikisa bega. Nabintu, nyuma ya nyumba, akisafisha ndagala, aliwafuata waimbaji wanaume bila kubana kitu. Nyimbo hizo zilimfaa kuliko za kwaya. Ndani yake hakuna aliyemuuliza asimame safu gani. Kisha akaanza kutunga wimbo wa kwake. Aliutunga akikumbuka Kabazana, jinsi walivyokaa kusubiri majina yao yaitwe kwenye kipaza sauti, na jinsi ambavyo siku hizo alitamani mtu mmoja tu amwite, si kwa ajili ya mgao wala kiwanja. Kiitikio chake kilikuwa chepesi hata mtoto angekishika: *Uniite na jina, nitaitika, hata ukinong'ona nitaitika.*

Buruhan aliusikia kwa bahati. Alikuwa kijana wa Mbarara, amezaliwa Makenke, kwenye kambi ya jeshi, baba yake mwanajeshi, na Kiswahili chake kilikuwa cha hukohuko kwa askari. Alikuja Nakivale kufunga spika za sherehe ya Siku ya Wakimbizi. Shati lake likanasa kwenye nyaya, likachanika, akaelekezwa kwa Constantin.

"Na huyo jamaa naimba huko nyuma ni nani?" aliuliza, shati lingali kwenye sindano.

Constantin akacheka mpaka akasimamisha cherehani. "Ile haiko jamaa, ndugu yangu. Ni bibi yangu."

Buruhan hakucheka. Aliomba kumwona. Nabintu alipotoka, mikono ina magamba ya samaki, akamsalimia kwa ile sauti nyembamba, kijana alimtazama kama mtu aliyeuziwa kitu kingine dukani.

"Hapana, nyabo," alisema, akimwita mama kwa heshima ya kwao. "Ile ingine. Mimi nataka ile ingine."

Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la kutengeneza simu, upande wa mji unaoelekea Makenke. Kuta alizifunika magodoro ili kelele za nje zisiingie. Nabintu alisimama mbele ya maikrofoni, akaanza kuimba, na kwa mazoea akabana. Buruhan akasimamisha.

"Wewe nabana sauti. Wacha kubana. Hapa hakuna mutu nacheka wewe. Achilia tu."

Hakuna aliyewahi kumwambia neno hilo. Constantin alimpenda, lakini hata yeye, wageni wakija, alimtazama kwa jicho la kumkumbusha. Nabintu alifumba macho, akaiacha sauti ishuke yenyewe mpaka chini kabisa, mahali ambapo hakuwa ameifikisha mbele ya mtu tangu bombani Kabazana. Alipomaliza, Buruhan alimsikilizisha. Sauti ilitoka kwenye spika, pana, tulivu, bila aibu yoyote, na Nabintu akaweka mkono kifuani. Aliniambia baadaye, mimi mkimbizi mwenzake, kwamba siku hiyo ndipo alipojua kuwa sauti yake ni nzuri. Alikuwa na zaidi ya miaka thelathini.

Wimbo ukapelekwa mtandaoni. Pale penye picha ya mwimbaji, Buruhan aliweka mchoro wa kijana amevaa kofia, amegeuza mgongo.

"Huyu ni nani?" Nabintu aliuliza.

"Hakuna mutu. Picha tu. Watu kwanza nazoea sauti, halafu sisi naonyesha sura yako. Tukianza na sura, watasema ni kompyuta."

Akakubali. Angefanyaje? Hakujua mambo ya mitandao, na kijana huyu ndiye aliyemwambia aachilie.

Wimbo ukaenda. Vijana wa bodaboda Mbarara waliuweka, wanajeshi wa Makenke waliuweka, ukarudi Nakivale ukapigwa kwenye saluni na kwenye vibanda vya kuchaji simu. Mama mmoja muuza nyanya, jirani wa Nabintu sokoni, alikuwa akiuimba akipanga mafungu yake.

"Huyu mwanaume anajua kupenda!" alimwambia Nabintu. "Angekuwa bwana yangu, ningemuitika hata nikiwa nakufa."

Nabintu akamkubalia kwa ile sauti ya juu, "Njo vile, mama." Halafu akainamia ndagala zake, mwili mzima unamsisimka kwa furaha isiyo na pa kwenda.

Furaha isiyo na pa kwenda huchacha. Miezi ikapita, mchoro wa kijana ukabaki palepale. Kwa hiyo Buruhan alipopiga simu kusema kuna arusi ya watu wakubwa mjini, na kwamba bibi arusi ameomba mwimbaji wa wimbo ule aje mwenyewe, Nabintu hakusubiri aulizwe mara mbili.

"Nataka banione," alimwambia mume wake. "Siku moja tu."

Constantin alimshonea gauni la kitenge cha bluu, mabega mapana, na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyohiyo. Alikuwa na sare za shule za kumalizia, hivyo hakwenda. Alimwambia tu, "Usiogope. Uimbe kama uko na miye."

Arusi ilikuwa mchana, ndani ya ukumbi wenye mapambo ya vitambaa vyeupe. Mshereheshaji akamtangaza, Buruhan akaanzisha muziki, Nabintu akapanda jukwaani na kuachilia. Watu walipiga makofi, kisha makofi yakapungua. Walikuwa wanatazama gauni, wanasikiliza sauti, wanatazamana. Meza za nyuma vijana wakainua simu. Bibi arusi akamwinamia bwana arusi, akamnong'oneza kitu. Ndipo mshereheshaji, ambaye kazi yake ilikuwa kuchekesha, akashika maikrofoni yake katikati ya kiitikio.

"Jameni! Gauni tunaliona, lakini ndani iko afande!"

Ukumbi ukalipuka. Nabintu aliendelea kuimba mstari mmoja, wa pili, kwa sababu hakujua la kufanya. Mtu akapaza sauti, "Atoe kitambaa tuone!" Mwanamke mmoja wa upande wa bibi arusi akapanda, akakivuta kile kitambaa cha bluu, si kwa hasira, kwa mzaha tu, kama mtu anayefungua zawadi. Nywele zilikuwa za kukatwa, maana hapa kambini wengi tunakata. Kelele zikazidi. Na sasa hazikuwa za kicheko peke yake. Wazee wawili wa mstari wa mbele walisimama wakasema kwa ukali kwamba hawakuja arusini kutukanwa na mwanaume aliyevaa nguo za kike, na kwamba nchi hii ina sheria ya kuwafunga watu kama hao.

Nabintu alimtazama Buruhan. Buruhan alikuwa anatazama mitambo yake. Akateremsha sauti ya muziki polepole mpaka ikaisha.

Mlinzi wa ukumbi alimshika mkono akamtoa hadi getini. Hapo Nabintu alitoa kitambulisho chake cha ukimbizi akamwonyesha palipoandikwa kuwa ni mwanamke. Mlinzi alikisoma, akakigeuza nyuma, akakigeuza tena.

"Karatasi inaweza kudanganya," alisema, akamrudishia. "Enda kwenu haraka, kabla hawa hawajaita polisi."

Video ilifika Nakivale kabla yake. Alipoingia Base Camp alfajiri ya kesho yake, maana jioni ile alikosa gari, mmoja wa watoto waliokuwa bombani akasema, "Afande," na wengine wakakimbia wakicheka. Nyumbani Constantin alikuwa ameketi kwenye cherehani bila kushona. Alisimama, akampokea mfuko, akamwuliza kama amekula. Hakumwuliza kingine. Nabintu alisubiri aulizwe, akaona mume wake anakunja na kukunjua kipande cha kitambaa mpaka kikachakaa.

Wateja wa ndagala wakapungua. Hawakumtukana, walipita tu upande mwingine wa soko. Yule mama wa nyanya akahamisha meza yake. Lakini jambo lililovunja nyumba lilikuja na Régis, kaka yake Constantin anayekaa Rubondo, upande mwingine wa Nakivale. Alikuja na baiskeli, akakataa kiti.

"Juu ya huyu bibi yako, bantu beko nasema mambo mingi," alisema mbele ya Nabintu, kana kwamba hayupo. "Na juu yako je? Kama ye ni mwanaume, weye uko nini? Hapa haiko kwetu. Hapa banafunga mutu juu ya vile."

"Niko na batoto naye babili!" Constantin alisema.

"Banasema batoto muliokota."

Constantin akatazama chini. Nabintu anasema angemsamehe kama angekasirika, kama angempiga kaka yake au hata kumpiga yeye. Badala yake akaona hofu inampanda mume wake kutoka miguuni, akajua kwamba hana namna ya kuizuia. Kesho yake Constantin akafunga cherehani kwenye baiskeli ya Régis. "Siku kidogo tu," alisema. "Mupaka maneno ipoe." Gad akamkimbilia hadi njia kuu.

Natanaeli alikuja kumtembelea mara nyingi, na tusimsingizie, alikuja kwa nia njema. Alikuwa na wazo. Jumapili, baada ya ibada, Mukandoli asimame mbele ya kanisa, aseme kwamba yeye kwa macho yake alimwona Nabintu akizaa. Mukandoli ni mzee, watu wanamwamini. Akishasema, mchungaji ataomba, na mambo yataisha. Régis mwenyewe amesema ikiwa hivyo Constantin atarudi.

"Maneno kidogo tu, Mama Viviane," Natanaeli alisema. "Halafu unapata nyumba yako."

Nabintu alikubali. Lazima tuseme ukweli: alikubali, akalala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

Jumapili kanisa lilijaa, hata wasiosali pale walikuja. Constantin alikuwepo, amekaa karibu na mlango pamoja na Régis. Mukandoli akaitwa, akajikongoja mbele na fimbo yake. Akamtazama Nabintu, akasubiri. Watu wote walikuwa wakimtazama Nabintu kifuani, kiunoni, shingoni, wakipima. Viviane, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa kwenye benchi la mbele, amejifunika uso kwa viganja.

Nabintu akasimama. Hakuwa amepanga. Na sauti iliyotoka haikuwa ile ya juu.

"Mama Mukandoli, bakisha, usiseme," alisema. "Aksanti, lakini bakisha. Kule Mbarara nilitoa kitambulisho, nikaomba mulinzi wa mulango anikubali. Sitaomba tena. Ile siku nilizaa ni yangu na yako. Haiko ya kuonyesha bantu."

Aliendelea, na kila neno lilikuwa la chini, lilisikika mpaka nje kwa waliosimama madirishani.

"Hii njo sauti yangu. Ile ingine muliizoea, nilikuwa nawadanganya. Sina ingine."

Akaketi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mtu mmoja nyuma akaguna, wengine wakaanza kutoka. Natanaeli akafunga kwa sala fupi isiyotaja jina la mtu. Mukandoli alikuja akakaa karibu naye kwenye benchi, akamshika goti. Nabintu alipogeuka kutazama mlangoni, Constantin alikuwa ameshaondoka.

Wapo waliosema alijivuna. Wapo waliosema angenyamaza sekunde chache tu angekuwa na mume wake leo, na yeye mwenyewe, siku za mvua peke yake na watoto, amewaza hivyo. Hakujiona shujaa. Alichojua ni kwamba mdomo wake haungeweza tena kubana, kama vile mguu uliolala haukanyagi hata ukiuamuru.

Buruhan alipiga simu baada ya hapo. Alizunguka kwanza, akauliza watoto, akauliza mvua.

"Nyabo, nisamehe ya arusi. Mimi niliogopa." Halafu akaja kwenye lake. "Sasa nimeandika kule mtandaoni kwamba aliyeimba ni kijana mumoja wa Kongo, ameenda Ulaya. Ni kwa usalama wako."

"Lakini ni miye niliimba, Buruhan."

"Najua."

"Uitoe basi kule mtandaoni. Utoshe wimbo yote."

"Haiwezekani tena. Watu wamekopi. Iko kwa simu ya kila mutu."

Ilikuwa kweli. Aliyeimba alipogeuzwa mwanaume aliye mbali, wimbo ulizidi kupendwa, maana sasa haukuwa na tatizo. Kijana mmoja wa Mbarara amejifunza kuuigiza, huitwa kwenye arusi kuuimba akiwa na kofia. Hata vijana wa kwaya ya Natanaeli wameuchukua, wakabadili maneno wakaweka jina la Yesu pale penye mpenzi. Nabintu haendi tena kanisani, lakini nyumba yake iko karibu, na kila mazoezi anausikia ukija juu ya mabati, besi yao ikiwa dhaifu.

Constantin huja baadhi ya Jumamosi. Huleta mahindi au kipande cha sabuni, husimama nje ya ua wa miti, huwaita watoto. Nabintu humwambia, "Karibu," kwa sauti yake ya kweli, na Constantin hutazama njia kuona nani anapita. Humwambia mke wake kwamba amepungua mwili. Yeye naye amepungua. Husimama hivyo, kisha huondoka.

Nabintu bado anauza ndagala. Wateja wengine wamerudi, wengi ni wageni wapya wasiojua habari, wengine ni wale wanaopenda kumsikia akisema ili wakacheke mbele ya safari. Anawahudumia wote. Nilimwuliza mara moja kama sasa anaona ilikuwa heri kusema vile kanisani. "Shingo hainiumi tena," alisema.

Juzi nilikwenda kwake, nikamkuta anamenya mihogo na Viviane. Mtoto amekuwa mrefu ghafla, na tangu muhula huu hasemi darasani; mwalimu amelalamika kwamba akiulizwa huandika jibu ubaoni. Tulikaa. Viviane alipasua muhogo, akatoa uzi wake wa katikati, akamwambia mama yake jambo bila kuinua kichwa.

"Mama, unasikia?"

Alisema maneno hayo mawili tu, lakini tulisikia. Sauti ilikuwa imeanza kushuka.

"Ninasikia," Nabintu alimjibu.

"Itaenda mupaka wapi?"

Nabintu aliweka kisu chini. Nilimwona akitafuta la kumwambia mtoto, akilitafuta usoni kwake, kwenye mihogo, kwangu mimi niliyekaa pale.

"Sijui, mama yangu," alisema mwisho. "Sogea hapa karibu."

Mtoto akasogea.